Kuacha petroli: je, gari la umeme litanifikisha Mombasa, Lamu na Nairobi?

Swali

Assalaam aleikum, ndugu mjibu wa safu. Mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa hapa Malindi, mtaa wa Shela, na kwa miaka 9 nimeendesha gari la petroli la 1500cc. Kila baada ya wiki mbili huenda Mombasa kuchukua mzigo na kurudi siku hiyohiyo. Mfungo Sita huwa tunakwenda Lamu kwa Maulidi, na Desemba huwapeleka watoto Nairobi kwa shangazi yao. Mpwa wangu ananishawishi ninunue Nissan Leaf iliyotumika Japani, yenye betri ya kilowati-saa 40, na muuzaji anasema chaji moja inatosha kilomita 270. Petroli imenichosha, lakini sitaki kukwama Gongoni usiku na watoto garini. Nibadilishe au nisubiri?

*Msomaji, Malindi*

Jibu

Wa aleikum salaam. Muuzaji hakukudanganya, ila hizo kilomita 270 hazikupimwa kwenye barabara yako. Ndicho kiasi ambacho kipimo cha Ulaya kiitwacho WLTP kiliipa Leaf hiyo ilipokuwa mpya. Wamarekani walilipima gari hilohilo wakalipa maili 151, yaani kilomita 243. Vipimo vyote viwili vilifanywa kwa betri mpya, na wewe hununui betri mpya. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo ili ulipate kwa bei ya kuvumilika huenda ukaletewa gari la miaka 5, 6 au 7, ambalo limechajiwa na kutumika muda wote huo na mtu usiyemjua.

Jambo la kwanza la kumwuliza muuzaji, basi, ni afya ya betri. Kwenye dashibodi ya Leaf, pembeni mwa geji ya chaji, kuna vipande vidogo 12 vinavyoonyesha uwezo uliobaki. Wanunuzi wengi huvihesabu, wakavikuta vyote 12, wakaamini kwamba betri ni nzima kama siku ya kwanza. Sivyo. Kipande cha kwanza hakizimiki mpaka takriban asilimia 15 ya uwezo iwe imekwisha kupotea, na baada ya hapo vinavyofuata huzimika kila inapopungua kama asilimia 6. Gari lenye vipande 12 laweza kuwa na asilimia 99 au asilimia 86, na dashibodi haitakwambia. Iko programu ya simu iitwayo LeafSpy ambayo, pamoja na kidude kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, husoma asilimia yenyewe. Tafuta herufi SOH, yaani afya ya betri. Mwambie muuzaji akupigie picha ya ukurasa huo pamoja na kilomita za gari. Akianza kukuzungusha, mwachie gari lake.

Sasa tufanye hesabu kwa betri yenye afya ya asilimia 85, ambayo kwa gari la umri huo si mbaya. Kati ya kilowati-saa 40 zinabaki 34, na kwa kuwa gari halikuruhusu kunyonya mpaka tone la mwisho, hesabu 33. Kilowati-saa moja ndiyo yuniti moja ya tokeni unazonunua nyumbani, na kuanzia hapa nitasema yuniti, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ya mfuko. Barabara ya Mombasa, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hula kama yuniti 16 kwa kila kilomita 100. Yuniti 33 zinakupa kilomita 206. Malindi hadi Mombasa ni takriban kilomita 120, kwa hiyo kwenda utafika ukiwa bado na zaidi ya theluthi ya chaji. Kazi iko katika kurudi. Kilomita 240 za kwenda na kurudi zahitaji yuniti 38 na ushei, na mimi sikubali kuingia nyumbani nikiwa na chini ya yuniti 6, maana safari zina mambo yake. Ukijumlisha, utaona kwamba lazima uongeze yuniti 12 hivi ukiwa Mombasa.

Yuniti 12 si nyingi. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 itazitia kwa muda wa saa mbili hivi, au saa nne ikiwa Leaf yako, kama nyingi za Japani, hupokea kilowati 3 tu. Soketi ya kawaida ya nyumba, ambayo mimi siiruhusu kupitisha zaidi ya ampea 10, itahitaji saa tano hadi sita. Ukiwa Mombasa saa tatu asubuhi, ukachomeka kwa jamaa mnayeaminiana, kisha ukashinda mtaa wa Biashara ukichagua kanga na leso na kupatana bei, unaporudi saa tisa gari litakuwa limepata linachohitaji na wewe hukupoteza hata dakika moja kulisubiri. Ndiyo maana wafanyabiashara wanafaidika na magari haya kuliko wapita njia: gari lako linasimama kwa muda mrefu mahali panapojulikana.

Ukitaka chaja ya kasi, kuwa mwangalifu na jambo moja ambalo limewarudisha watu wengi mikono mitupu. Leaf huchajiwa kwa kasi kupitia plagi ya Kijapani iitwayo CHAdeMO, ilhali magari mengi ya Ulaya hutumia CCS2 na mengi ya China hutumia GB/T. Kituo chaweza kuwepo, kikawa na umeme, na plagi yake isiingie kwenye gari lako. Kwa hiyo unapopiga simu usiulize kama wanachaji magari ya umeme; uliza kama wana CHAdeMO na kama leo inafanya kazi. Piga simu kabla hujaondoka Malindi, usingoje kufika Mtwapa.

Soketi za nyumbani nazo zina hadithi yake. Mwaka wangu wa kwanza na gari la umeme nililala katika nyumba moja ya wageni njiani, na soketi pekee niliyoonyeshwa ilikuwa nyuma ya friji ya soda. Nilichomeka saa mbili usiku. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akiitazama mita yake ya tokeni inavyopepesa, akaniuliza kwa upole kama gari langu linakunywa au linaoga. Baada ya saa moja nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipoishika plagi sikuweza kuivumilia, nikaitoa kwa kuifunika na pembe ya kikoi. Pini moja ilikuwa imegeuka nyeusi, na ndani ya soketi mlikuwa na ile kutu ya kijani ambayo hewa ya chumvi huijaza kila penye shaba huku kwetu. Fundi alipoifungua asubuhi, skrubu inayobana waya ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushika kwa ukucha. Soketi hiyo ilikuwa imeendesha friji miaka mingi bila matata, kwa sababu friji huvuta kidogo na kupumzika, lakini gari huvuta kwa nguvu ileile saa nane mfululizo. Tangu siku hiyo, kila ninapochomeka mahali pageni, hurudi baada ya nusu saa nikaigusa plagi kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikinichoma, nachomoa, hata kama ni usiku wa manane.

Kwako nyumbani usianze kwa soketi ya zamani. Mwite fundi mwenye leseni avute waya mzito moja kwa moja kutoka kwenye boksi la swichi, aweke swichi yake peke yake yenye kinga ya kukata umeme ukivuja, na aihakikishe ethi. Gharama hiyo ihesabu kuwa sehemu ya bei ya gari.

Njiani, kitakachokula chaji yako zaidi ya kitu kingine chochote ni mwendo. Ukifikia kilomita 110 kwa saa, ulaji hupanda kutoka yuniti 16 hadi 20 au zaidi, kwa kuwa upinzani wa hewa huongezeka mara nne kila mwendo unapoongezeka mara mbili. Kwa sababu hiyohiyo robota za vitambaa ziweke ndani ya gari hata kama abiria watabanana, maana mzigo wa juu ya paa huiharibu njia ya hewa. Uzito wenyewe, kwenye barabara tambarare kama yetu, hauna madhara makubwa. Na wakati wa kusi, ukielekea Mombasa upepo unakupiga usoni; usishangae siku hizo kwenda kukila chaji zaidi kuliko kurudi. Foleni ya Mtwapa, ambayo kwa gari la petroli ni mafuta yanayoungua bure, hapa haitishi: gari likisimama injini haili kitu, na kiyoyozi hula kama yuniti moja kwa saa, sawasawa na kilomita 6 za safari.

Tuje kwenye pesa, na hapa nitakusema kidogo, kwa kuwa barua yako imetaja safari tu. Tuchukue petroli shilingi 180 kwa lita na umeme wa nyumbani shilingi 30 kwa yuniti pamoja na kodi zake. Wewe badilisha namba kulingana na bei za mwezi utakaosoma haya. Safari ya Mombasa na kurudi kwa gari lako la sasa, tukilipa kilomita 14 kwa lita, ni kama lita 17, yaani zaidi ya shilingi 3,000. Kwa umeme, ukijumlisha na kinachopotea wakati wa kuchaji, ni yuniti 43, yaani karibu shilingi 1,300. Umeokoa 1,700 na ushei, na kwa safari 26 za mwaka ni kama shilingi 45,000. Pesa hizo hazinunui gari. Lakini je, mjini unaendesha kiasi gani? Mtu anayezunguka Malindi kilomita 25 kwa siku, dukani, shuleni, Watamu na kurudi, kwa siku 300 hufikisha kilomita 7,500. Mjini gari la petroli hupata labda kilomita 10 kwa lita, kwa hiyo hiyo ni petroli ya shilingi 135,000. Umeme wake hauzidi shilingi 40,000, kwa kuwa kila unapoachia mwendo gari hurudisha sehemu ya nguvu ndani ya betri. Faida iko kwenye matuta na vituo vya mjini zaidi kuliko kwenye barabara kuu, kinyume kabisa na petroli, ambayo hupendeza mjini ukitoka. Kama gari lako hulitoa siku ya safari tu, usibadilishe.

Sasa Lamu. Kutoka Malindi hadi jeti ya Mokowe, kupitia Mambrui, Gongoni, Marereni, Garsen na Witu, ni takriban kilomita 220. Betri yetu ya hesabu inakwenda 206, kwa hiyo haifiki, na hata ingekuwa na afya ya asilimia 95 nisingekushauri. Baada ya Garsen si mahali pa kujaribu bahati: vyombo vya usalama vimekuwa vikidhibiti safari za usiku katika barabara ile, na mto Tana ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023, maji huifunika barabara ukalazimika kugeuza. Mwenye petroli akigeuza hujaza tangi Garsen na hasara yake ni muda tu. Mwenye umeme akigeuza anahitaji chaji ya kurudia njia yote aliyokuja nayo, na hakuipanga. Kwa safari hii tafuta betri ya yuniti 60 na zaidi. Leaf yenyewe ilitoka na betri ya 62 kuanzia 2019, na ikiwa na afya ya asilimia 90 hukupa kama kilomita 340.

Hata hivyo, kwa mwenye betri kubwa, Lamu ni safari rahisi kuliko watu wanavyodhani, na sababu yake iko Mokowe. Gari haliendi kisiwani. Utaliacha bara, upande boti, uende ukasikilize Maulidi, na gari litakaa siku mbili au tatu halina kazi. Soketi ya kawaida inayotoa kilowati 2.4 kwa saa 24 itakuwa imelitia zaidi ya yuniti 45. Huhitaji chaja ya kasi wala kituo. Unahitaji mwenye uwanja mmoja aliyekubali, na soketi iliyokaguliwa. Barua ya tatu hapa chini, kwa bahati njema, imetoka kwa mtu wa aina hiyo.

Nairobi kwa Leaf ya 40 ni adhabu. Ukikata Kilifi kupitia Kaloleni hadi Mariakani, mpaka Voi tu si chini ya kilomita 230, na kuanzia Mariakani barabara inapanda bila wewe kuhisi. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari na Nairobi karibu mita 1,700. Kulinyanyua gari pamoja na familia mpaka kimo cha Nairobi, mbali na kulisukuma mbele, kunakula yuniti 8 au 9. (Wakati wa kushuka utarudishiwa nyingi kati ya hizo, lakini wakati wa kupanda hakuna anayekukopesha.) Zaidi ya hapo, betri ya Leaf haipozwi kwa maji kama za magari mengi mapya, hupoa kwa hewa tu. Chaji ya kasi ya kwanza hukuchukua kama dakika 40. Ya pili, katika joto la Desemba na baada ya saa mbili za kupanda, betri huwa imepanda joto na gari lenyewe hupunguza kasi ya kupokea umeme ili kuilinda. Kwenye dashibodi iko geji ya joto la betri. Ikikaribia rangi nyekundu, kaa kivulini ule.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ikiwa unaendesha mjini kila siku, nunua, kwa ajili ya Malindi na Mombasa. Usikubali safari moja ya Desemba ikuchagulie gari la mwaka mzima: waweza kuliacha gari Mombasa mkapanda treni ya Miritini, ambayo imekuwa ikienda Nairobi tangu 2017, au mkakodi gari la petroli kwa wiki ile. Na ikiwa Lamu kwako ni lazima na mfuko haufiki betri ya 60, basi gari la haibridi, linalotumia petroli na umeme pamoja, litakufaa kuliko Leaf ndogo, ingawa najua mpwa wako hatafurahi.

Swali

Huku kwetu Mambrui masika yakianza kuna mahali maji hujaa barabarani hadi magotini. Nikipita na gari la umeme, je, hatutapigwa shoti sote? Na chumvi ya bahari haitaiharibu betri?

*Msomaji, Mambrui*

Jibu

Betri kubwa imefungwa ndani ya sanduku lisilopitisha maji, na gari likihisi umeme unavuja hujikata lenyewe kabla hujajua. Hofu ya shoti iondoe. Lakini maji ya magotini ni mengi kwa gari lolote dogo, la petroli au la umeme, kwa sababu litaelea na kusombwa, hapo geuza. Maji ya chumvi ndiyo adui wa kweli. Usiliendeshe ufuoni maji yakijaa, na kama limerukiwa na maji ya bahari lioshe chini kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kisha tazama tundu la kuchajia: likiwa na unga wa kijani au mweupe, lisafishwe na fundi kabla ya kuchomeka. Nyaya nene za rangi ya machungwa asiziguse mtu asiyefunzwa, hata kama ni fundi wa miaka 30 wa magari ya dizeli.

Kuchaji mvuani hakuna neno, mradi kichwa cha chaja ni cha gari na kimekaa vizuri. Kinacholeta balaa ni ekstensheni iliyolala kwenye dimbwi.

Mambo mawili zaidi, kwa kuwa huku mafundi wa kuburuta magari hawayajui sana. Leaf huendeshwa na magurudumu ya mbele. Likiharibika lisikokotwe kwa kamba magurudumu hayo yakizunguka chini, linyanyuliwe mbele au lipakiwe lote. Tena lina betri ndogo ya volti 12 kama gari jingine lolote, na hiyo ikifa gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Watu wameita gari la kukokota kwa kosa ambalo jampa ingelimaliza kwa dakika mbili.

Swali

Nina uwanja wa kuegesha magari Mokowe, karibu na jeti. Wateja wawili wameniomba umeme wa kuchaji magari yao wakiwa Lamu. Niliwakatalia kwa kuhofia tokeni. Naweza kuwatoza vipi bila kugombana, na je, paneli za jua zitanisaidia?

*Msomaji, Mokowe*

Jibu

Umewakatalia wateja wazuri, kaka. Mtu anayechaji kwako harudi kwa jirani.

Usikadirie kwa macho wala kwa saa. Fundi akuwekee mita ndogo ya pembeni kwenye waya unaokwenda kwenye soketi ya magari. Mteja anapofika mnasoma namba pamoja, mnaiandika kwenye daftari au mnaipiga picha, na anapoondoka mnasoma tena. Tofauti ndiyo yuniti alizotumia. Gari likija karibu tupu laweza kuchukua yuniti 40 kwa siku mbili, na kwa bei ya shilingi 30 hiyo ni 1,200 ya tokeni zako, kwa hiyo ulikuwa na haki ya kuhofu; mtu aliyezoea kutoza shilingi chache za kuegesha asingeliona hilo mpaka taa za nyumbani zizimike. Omba malipo ya awali. Kabla ya kuifanya biashara rasmi waulize EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli, ambao wana miongozo ya vituo vya kuchaji. Tena tangu Aprili 2023 iko bei maalumu ya umeme kwa ajili ya magari ya umeme, iliyo nafuu zaidi saa ambazo matumizi ya umeme ni madogo.

Soketi mbili zisitoke kwenye waya mmoja. Magari mawili yakivuta pamoja ampea 10 kila moja usiku kucha, waya mwembamba uliokusudiwa taa utaungua ndani ya ukuta mahali usipopaona. Na kwa kuwa uko hatua chache kutoka majini, nunua soketi zenye kifuniko na uzikague kila mwezi kwa kutu.

Paneli zitakusaidia, ila zihesabu kwa ukweli. Paneli za kilowati 3 kwa jua la Lamu hutoa kama yuniti 12 kwa siku nzuri, ambazo ni kilomita 75 za safari ya mteja. Magari yako yana sifa moja nzuri: yanashinda hapo mchana, jua likiwaka, wakati wenye magari wengi wa mijini wako kazini na kuchaji usiku. Hutahitaji betri ghali za kuhifadhi umeme. Unachopata mchana kinaingia moja kwa moja garini, na kinachopungua unaongezea kwa tokeni. Jua letu halina shida, na ndiyo maana Langobaya, nyuma ya Malindi, pamejengwa shamba la umeme wa jua la megawati 40.

Swali

Gari hili halina mlio. Watoto na punda wetu watalisikiaje?

*Msomaji, Lamu*

Jibu

Leaf hutoa mlio wake wa kutengeneza likiwa chini ya kilomita 30 kwa saa, kama mluzi wa mbali. Zaidi ya hapo magurudumu yenyewe husikika. Watoto huuzoea kwa wiki moja. Punda, kwa nilivyowaona Mokowe, walikuwa hawasogei hata kwa lori la dizeli, kwa hiyo kwao hakuna lililobadilika: simamisha gari, shuka, umshike sikio, umsogeze.